Niliyomwambia Jepchumba

Jumapili, 2 Juni

Shikamoo dada Mwamvita. Naanza na wewe kwa kuwa ndiye utakayewasomea wengine, na miwani nyumba nzima ni yako peke yako. Mgongo umepoa? Mama yetu, Bi Mgeni, mguu umeshuka uvimbe au bado anakataa kuuinua juu ya mto? Mpe shikamoo mbili, moja yangu na moja ya binti yangu Alya, ingawa Alya hakunituma. Shemeji Nassor, salamu nyingi, mwambie lile koti alilotaka nimeliona dukani St Marys ila lilikuwa la kike, nikaliacha, asije akachekwa Mwambani nzima. Ishaq mwanangu, nasikia umefaulu mtihani, nakubusu kipaji cha uso. Sufian nawe nakubusu, lakini acha kunyonya kidole, meno yatatoka nje. Bi Saumu wa nyumba ya nyuma, somo yangu, mbusuni mkono kwa niaba yangu. Binti yake aliyejifungua, hongera sana, uzazi si mchezo. Na wote watakaouliza Kijakazi yukoje, waambieni yupo huku ughaibuni, anapumua, baridi imeingia.

Nimeacha kufua mashuka kule nyumba ya wazee. Sasa mimi ni mlezi wa porini. Usicheke. Kuna kampuni inachukua mabinti walioshindikana, wanaotoroka shule, wanaovuta vitu, wanaowapiga mama zao, inawapeleka kwenye milima nyuma ya Penrith. Wanatembea na mizigo mgongoni, wanalala chini ya turubai, hawana simu, hawana hata kioo cha kujitazama, na moto wanaupekecha wenyewe kwa vijiti. Mzungu mwenye kampuni anasema pori linawatibu. Kazi yangu ni kukaa nao, juma moja porini, juma moja nyumbani.

Aliponiuliza nina ujuzi gani, nilimwambia kwetu mwari anafichwa ndani, anafunzwa, anasimangwa mpaka machozi yamtoke, kisha anatolewa kwa vigelegele, mtu mzima. Nikamweleza na habari ya somo, yule mama anayekabidhiwa binti na kuambiwa yote ya nyumbani, naye akayafunga tumboni mwake. Bosi akasimama kunipa mkono. "Ndicho hicho tunachofanya hapa," alisema. Moyo wangu ukatulia, dada. Nikasema kumbe na wazungu wanayajua haya.

Nitaandika humu daftarini kila nikipata nafasi, maana porini simu haishiki. Nikirudi nitapiga picha kurasa nikutumie. Mwandiko wangu unaujua, wa darasa la saba, usiniumbue mbele ya Ishaq.

Jumatano, 5 Juni

Sheria zao nyingi. Hatuwaambii mabinti ni saa ngapi. Hatuwaambii tunakwenda wapi, tutafika lini, wala watatoka lini. Wakiuliza tunajibu, "Utajua utakapojua." Hatuwashiki, hata wakilia. Na binti akienda chooni, yaani nyuma ya mti, lazima aite jina lake kwa sauti mpaka arudi, tujue hajatoroka. Basi asubuhi pori zima linaita majina kama soko la samaki. Nilicheka mpaka nikajificha uso kwa kanga. Halafu nikamwona mtoto mmoja anarudi anavuta suruali yake, bado anajiita jina, hana habari kwamba ameshafika mbele yetu. Kicheko kikaisha.

Ijumaa, 7 Juni

Baridi. Maji ya kutawadhia yameganda kwenye kopo.

Jumanne, 11 Juni

Nyumbani. Alya hakuniuliza porini kukoje. Amekula, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Jumatano, 19 Juni

Leo Bibiane amemleta Vanessa wake. Bibiane ndiye yule Mkongo wa Smithfield niliyekuwa nafua naye mashuka, nilikwambia, yule anayeimba kwaya huku anakunja foronya. Mtoto ana miaka kumi na mitano, amefukuzwa shule, amempiga mwenzake kwa kiti. Bibiane alimdanganya kwamba wanakwenda kutazama milima. Alipoona vile tunamvua simu na hereni, akamgeukia mama yake akamwangalia tu.

Bibiane akanishika mikono. "Kijakazi, ule mtoto niko nakuachia wewe, si ile kampuni. Wewe unajua yote yangu. Umuangalie kama wako."

"Kama wangu," nikasema.

Kweli nayajua yake yote. Siku moja pale kwenye mashine za kufulia aliniambia habari ya mwanawe wa kiume. Walikuwa kambini Nyarugusu, yeye amekwenda kupanga foleni ya chakula, Vanessa wa miaka sita akaachiwa mdogo wake mwenye homa. Watoto wenzake wakamwita kuruka kamba. Aliporudi mdogo wake amekwisha. "Sijamlaumu hata siku moja," Bibiane aliniambia, "angekufa hata mkononi mwangu. Yeye hajalisema, nami sijalisema. Na wewe, tafadhali, usilisemaka."

Ijumaa, 21 Juni

Nilimsogelea Vanessa kumwonyesha namna ya kukamata vijiti. Akaniambia kwa Kizungu chao cha puani, "Wewe si mwalimu. Wewe ulikuwa unafua chupi za wazee na mama yangu." Wenzake wakaangua kicheko.

Nikamjibu, "Nilizifua zikatakata, mwanangu. Na wewe nitakutakatisha."

Wakacheka zaidi, safari hii wanamcheka yeye. Sikujua kwamba ninaweza.

Jumapili, 23 Juni

Mvua. Hakuna aliyewasha moto. Wote wamekula shayiri baridi.

Alhamisi, 27 Juni

Nyumbani. Shule imepiga simu, Alya haonekani darasani tangu juma lililopita. Nilimuuliza, akasema, "Wewe mwenyewe huonekani." Jirani anasema kuna kijana na gari. Nimepiga magoti na kuchungulia chini ya kitanda chake, sijui nilikuwa natafuta nini. Dada, nikiwa porini nawaza yake, nikiwa hapa nawaza ya kule.

Alhamisi, 4 Julai

Leo nina mengi, na kalamu imeganda, nimeiweka kwapani kwanza.

Vanessa tangu aje hajapekecha moto. Asiyewasha moto wake hapikiwi, anakula shayiri iliyolowekwa maji baridi, na ndiyo anayokula mpaka leo, mashavu yamembonyea. Mimi ni mama, nilikuwa naweka bakuli langu chini nikimtazama anavyotafuna. Nikamwambia bosi alipokuja na gari la chakula. Akaniambia, "Huyo amefunga mlango. Kuna kitu nyuma yake. Kama unakijua, kitumie, ndiyo dawa yenyewe."

Jioni tukaketi duara. Duara ni hivi: kila mmoja anasema ukweli wake, na asiyesema, mlezi anamsaidia ukweli utoke. Ikafika zamu ya Vanessa. Akasema, "Sina kitu." Kama kila siku.

Nikamuuliza, "Nani alikuwa anamtazama mdogo wako?"

Sikupaza sauti. Nilimuuliza taratibu, kwa Kiswahili, halafu nikarudia kwa Kizungu ili na wenzake waelewe.

Alinitazama kama hajanisikia. Nikasema tena, "Kamba ulikuwa unaruka na nani?"

Dada, alitoa sauti ambayo sijapata kuisikia kwa mtoto wa mtu. Aliinama mpaka paji la uso likagusa majivu. Binti mmoja akauliza kwa woga mdogo wake amefanyaje, mwingine akamwambia nyamaza, si amekufa. Sheria hairuhusu kumshika anayelia. Nilikalia mikono yangu. Ilidumu mpaka tukaanza kusikia baridi migongoni, na hakuna aliyeruhusiwa kuondoka.

Ijumaa, 5 Julai

Vanessa amewasha moto! Kimya kimya, peke yake, viganja vimechunika. Amekula uji wa moto.

Bosi amekuja akasema nina kipaji cha kuzaliwa nacho. Jepchumba naye, Mkenya anayeongoza kundi la juu, alinipiga bega. "Mathe, wewe ni noma! Mimi nimefanya hii kazi kitambo, sijaona mtu akifungua mtoto hivyo. Question mbili tu!" Nilifurahi, sikufichi. Huku tangu nifike, nani amepata kuniambia ninajua kitu?

Vanessa ukimpa kazi anafanya. Ukimwita anakuja. Hanitazami usoni, basi.

Jumapili, 7 Julai

Vanessa amepandishwa kundi la Jepchumba.

Jumatano, 10 Julai

Nilirudi nikakuta Alya hayupo, na sahani zimeota ukungu. Amekuja leo mchana, ananuka moshi usio wa kuni. Nikamwambia, "Alya, mimi mama yako, nitakufa na presha."

Akanijibu Kizungu chote mpaka mwisho. Kwamba nawalea watoto wa watu kwa mshahara, ulezi wake yeye ni wa bure ndiyo maana haumfikii. Kwamba baba yake alifanya vizuri kuondoka, na kosa lake moja ni kwamba hakumchukua. Nikainua mkono. Akaudaka. Ana nguvu, dada, kanizidi kimo. Akaushika tu hewani, akautazama, akauachia kama kitu alichookota akakuta hakina kazi.

Mimi nawakunja watoto wa wazungu kule milimani, wangu ananishinda kwenye korido.

Ijumaa, 12 Julai

Ulichoniambia kwenye simu nimekisikia. Umesema nimlete Tanga, asiende huko porini kwenye watu asiowajua. Lakini dada, Tanga aende afanye nini, hata lugha ya huko ameisusa. Na mambo ya huku yatatibiwa na watu wa huku. Bosi amempa nafasi, mtoto wa mfanyakazi halipiwi. Haruhusiwi kuwa kundi langu, ataingia kwa Jepchumba, na hilo limenifurahisha, maana Jepchumba ni mtu wetu, anasikia Kiswahili.

Nimekutana naye leo Penrith, tumekunywa chai karibu na stesheni. Nilivaa vizuri, nikamchukulia maandazi kwenye kitambaa, kama ulivyofanya wewe kwa Bi Saumu ulipokwenda kunikabidhi. Nikamwambia, "Jepchumba, leo nakupa mwanangu. Wewe ndiye somo yake."

"Sawa, mathe. Usijali."

Nikampa yote. Kwamba baba yake alipotuacha kwenda Perth, Alya alikuwa na miaka kumi na moja, akaanza kukojoa kitandani. Hadi miaka kumi na tatu. Kwamba tulikuwa tunafua shuka alfajiri, mimi na yeye, bila kusemezana, tunaanika bafuni jirani asione. Kwamba hata leo akiogopa sana au akisikia baridi sana inaweza kumtoka, kwa hiyo tafadhali ampe nguo ya pili na amwamshe kabla ya mapambazuko, kwa siri, wenzake wasijue. Nikamwambia hili hajui mtu, baba yake hajui, hata dada yangu hajui. Basi nawe unalijua leo, nisamehe.

Alikuwa anaitikia kwa kichwa, macho yake mazuri. "Hiyo inabaki hapa, mathe," akasema. Tukamaliza maandazi.

Jumatatu, 15 Julai

Nilimwambia Alya tunakwenda kununua viatu. Pale Penrith gari likasimama mbele yetu. Hakupiga kelele. Akavua hereni mwenyewe, akaniwekea kiganjani, akapanda.

Nimekuja porini kwa gari la nyuma.

Alhamisi, 18 Julai

Nimemwona. Makundi mawili yalipishana kwenye tangi la maji, nasi walezi tukaambiwa tusimamie mbali. Amepungua. Amevaa koti lao la rangi ya chungwa, limemmeza. Nilikohoa ili ageuke. Hakugeuka. Begi lake la kulalia hakulikunja ndani kama wenzake, amelining'iniza nje ya mzigo, limelowa, chini linadondosha maji. Sijui limelowa wapi, mvua haijanyesha siku zote hizi.

Jumamosi, 20 Julai

Nimemuuliza Jepchumba. Anasema mtoto anaendelea poa.

Jumatano, 24 Julai

Nyumba kimya. Nimefua mapazia. Nimelala kitandani kwake mchana, kwa uchovu tu.

Jumamosi, 27 Julai

Nimenunua kanga ya kumtolea. Nyekundu na nyeusi. Nimewaambia akina mama wawili wa kisomo wajiandae kupiga vigelegele.

Jumatano, 31 Julai

Asubuhi nilishuka bondeni kuchota maji. Ng'ambo ya kijito kundi la Jepchumba limepiga turubai zao. Ndege wa huku wanaocheka kama watu walikuwa wanacheka. Nikasikia binti anaita kule nyuma ya miti, "Bebi! Bebi! Bebi!" Nikatabasamu, nikasema mwana wa watu jina lake zuri. Nikaendelea kuchota. Ndoo ikajaa, ikamwagika, bado nimeishika, maana sikio lilikuwa limeshajua kabla yangu.

Nilivuka na viatu vyangu. Jepchumba yuko kwenye moto anakoroga kahawa.

"Kwa nini mwanangu anajiita Bebi?"

"Mathe, huruhusiwi hapa."

"Kwa nini mwanangu anajiita Bebi?"

Akashusha kikombe. "Sikiza. Alikuwa amefunga, kabisa, kama yule Vanessa wako. Tukaketi duara, nikamuuliza, Alya, nani alikuwa anaanika shuka bafuni? Akakataa. Usiku huo huo ikamtoka. Sasa asubuhi wenzake wameona begi, si ni ukweli? Tukakubaliana kwenye kundi, mpaka siku atakapoamka mkavu ataitwa Bebi, mtoto mchanga, na begi atalibeba nje. Yeye mwenyewe alikubali. Ni process."

"Jepchumba, nilikwambia kama somo!"

"Somo ni nini?" Aliniuliza kwa uzuri tu, dada, hakuwa na ubaya usoni. "Mimi ni Mkalenjin, mathe. Uliniambia information ya mtoto, nikaitumia. Si wewe ndio ulitufundisha? Question mbili tu."

Niligeuka.

Alya alikuwa amerudi, amesimama na bakuli la shayiri baridi. Nywele hazijaguswa, midomo imepasuka ina damu. Nyuma yake ameketi Vanessa. Vanessa alikuwa ananitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya majivu, na sasa mimi ndiye nilishindwa kumtazama.

Alya akasema, "Wewe ndiye uliyewaambia?"

Kwa Kiswahili. Kiswahili cha Mwambani kilichonyooka, ambacho hajaniambia nacho neno miaka mingapi.

"Nilitaka wakusaidie, mwanangu."

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

Nikamwendea nimshike. Jepchumba akainua mkono kwamba sheria hairuhusu, nikaupita. Alya hakunisukuma. Alilegea mikononi mwangu kama nguo iliyoloa, akangoja nimalize. Nilipomwachia, akamgeukia Jepchumba akaomba ruhusa ya kwenda chooni, na ndiyo kwanza ametoka huko. Hakwenda mbali. Alisimama kwenye mti wa pili, uso ameugeuzia kwangu, akaanza kuita. "Bebi. Bebi. Bebi." Hana haraka. Ananitazama anaita. Mabinti wengine waliinamisha vichwa. Hata Jepchumba alisema, "Inatosha, Alya," naye hakuacha.

Nilikwenda kwa bosi, aliyekuwa amefika na gari la chakula, soksi zangu zinachuruzika, nikamwambia namtoa mwanangu leo hii. Hakubisha. "Mtoto ni wako," alisema, "lakini ana miaka kumi na sita, tutamuuliza na yeye." Akavuka kwa Alya, akaenda naye pembeni, akarudi. Anasema amemuuliza mara mbili, anataka kurudi nyumbani na mama yake au kubaki. Alya amesema bora abaki hapa.

Hapa, dada. Kwenye hilo begi.

Alhamisi, 1 Agosti

Wamenirudisha nyumbani kabla ya juma kuisha. Bosi anasema nimevunja utaratibu, nipumzike.

Jumanne, 6 Agosti

Upepo.

Ijumaa, 9 Agosti

Upepo. Nimepiga kampuni kuuliza anaamka mkavu au bado. Binti wa simu anasema habari za watoto hazitolewi kwa simu, ni siri.

Jumatano, 14 Agosti

Nimekusikia kwenye simu ulivyonyamaza baada ya kusoma kurasa zote. Bora ungenitukana. Mama naye ameshasikia? Usimsomee.

Jumamosi, 17 Agosti

Nilikwenda Smithfield kwa Bibiane kabla hajasikia kwa wengine. Nilisimama mbele ya nyumba yake, taa zinawaka, nasikia anaimba. Nikarudi stesheni.

Jumamosi, 24 Agosti

Leo wametolewa.

Nilipika pilau usiku kucha, nikaibeba na sufuria yake kwenye taulo, wale akina mama wawili wakanisindikiza kwa treni, wamejitanda vizuri, wanaulizana nani ataanza. Ukumbi uko Penrith. Wazazi tumepangwa mistari miwili, mabinti wapite katikati. Bosi alituambia tusipige makofi wala kelele, ni wakati wa utulivu. Wale mama zangu wakatazamana.

Wakaingia mmoja mmoja. Wazungu waliwakumbatia wa kwao, wengine walilia. Vanessa na Alya waliingia pamoja, wameshikana mikono, mabega yamekaa wima. Nilikunjua kanga. Alya akanipita. Hakuharakisha, hakugeuza uso, alinipita kama unavyompita mtu uliyemkuta amesimama kituoni. Wakaenda wote wawili hadi kwa Bibiane, Bibiane akawafunika na gauni lake kubwa lile la kitenge.

Vanessa akamnong'oneza mama yake sikioni, wakatoka, nikawafuata nje. "Bibiane, huyo ni mtoto wangu."

"Niko namjua ni wako."

"Mpe aje nyumbani. Nimepika."

Bibiane alinitazama, dada, macho yake hayakuwa na hasira, yamekauka tu. "Na mie nilikupatia wangu," akasema. "Nilikupatia na ule alikufa. Wawili. Wewe ulinirudishia nini?"

"Bosi alisema ni dawa."

"Bon. Basi umupatie bosi pilau."

Vanessa akacheka kidogo, puani. Alya hakucheka. Alya alikuwa anatazama viatu vyake, ni vile vile alivyokwenda navyo, vimefunguka mbele. Wakaingia kwenye gari.

Wale mama wakaniambia, "Twende, Kijakazi, watu wanatazama." Ndipo nikaona kanga bado nimeikunjua mbele yangu kwa mikono miwili, kama muuzaji.

Jumatatu, 26 Agosti

Niliipeleka sufuria Smithfield, nikaiweka mlangoni, nikagonga, nikaondoka. Angalau ale.

Jumatano, 28 Agosti

Nimeikuta sufuria mlangoni kwangu. Imesuguliwa inang'aa, haina kitu ndani. Sisi hatumrudishii mtu chombo kitupu, hata chumvi tunatia, na Alya nimemlea hivyo. Nimekifunua kifuniko mara nyingi, kama mwehu. Lakini wamekula. Nashukuru, wamekula.

Alhamisi, 29 Agosti

Bosi amepiga. Kundi jipya linaingia, anataka nije kuwafundisha walezi wapya namna ya kuendesha duara. Nimemwambia hapana. Akasema nifikirie. Nyumba ya wazee nitaanza Jumatatu, mashuka yale yale.

Jumapili, 1 Septemba

Dada Mwamvita, kitabu kimebaki kurasa chache na mimi sina tena la porini.

Shule imenipigia, Alya anafika kila siku, anatokea Smithfield kwa basi. Hiyo habari njema nimepewa na karani. Nimekwenda kusimama ng'ambo ya geti nikamwona, amesukwa, Bibiane amemsuka mistari mizuri. Hakuniona, au aliniona. Nguo zake za ndani na sweta nimezipeleka kwa Bibiane, alizipokea kwa mlango nusu. "Mtoto yuko. Anakula. Analala vizuri," akasema, na hilo la mwisho alilisema polepole, akinitazama, nikajua naye anajua, na nikajua ni Alya mwenyewe aliyemwambia. Akafunga mlango.

Nikatembea mpaka stesheni nyingine kwa kupotea njia.

Sasa sikiliza ninachokuomba. Namba yake ni ile ile. Mimi hapokei. Wewe atapokea, nimemsikia zamani akicheka nawe kwenye simu kwa ule utani wako wa Nassor. Mpigie. Akikuuliza kama nimekutuma, mwambie ndiyo, asidanganywe tena. Usimshauri. Usinitetee, dada, nakujua, usinitetee. Akinitukana muache anitukane mpaka achoke. Akinyamaza, kaa naye humo humo kwenye simu, endelea kuchambua mchele wako asikie mtu yupo.

Na lolote atakalokwambia, usiniambie. Hata nikikupigia nalia, hata nikikuapia kwamba ni kwa faida yake. Hasa nikikwambia ni kwa faida yake. Niandikie neno moja tu kwamba amesema. Mama, Nassor, Ishaq, Sufian na Bi Saumu wape salamu, lakini hili la simu lifanye kwanza, kabla hujawasomea. Nijibu upesi. Simu nimeiweka kwenye mfuko wa kanzu, naisikiliza.